Kutawanya Kundi: Historia ya Mikakati ya Faida katika Ufugaji wa Wilaya za Ngara na Biharamulo, 1861–2019

1.0 Utangulizi

Mwaka 1926 mwanaanthropolojia wa Marekani, Melville Herskovits, alichapisha utafiti uliodai kwamba jamii za wafugaji wa Afrika Mashariki zilimthamini ng'ombe kwa sababu za heshima, ibada na ndoa zaidi ya mahitaji ya kiuchumi. Hoja hiyo ilikuwa na upana wake, lakini katika maofisi ya wakoloni ilifupishwa ikawa hukumu nyepesi: mfugaji wa Kiafrika hulimbikiza mifugo bila hesabu, naye hana budi kufundishwa maana ya faida. Hukumu hiyo haikuondoka pamoja na bendera ya Waingereza. Hadi leo, katika mijadala ya kupunguza mifugo, mfugaji wa asili husemwa kuwa ana ng'ombe wengi na faida ndogo.

Makala haya yanaichunguza hukumu hiyo kwa kufuatilia historia ya ufugaji katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, tangu mwaka 1861, wakati msafara wa John Hanning Speke ulipopita katika nchi hiyo, hadi mwaka 2019, wakati mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalipogeuzwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Hoja kuu ni kwamba wafugaji wa wilaya hizi walikuwa na hesabu ya faida iliyo wazi, na msingi wake ulikuwa kutawanya: kutawanya ng'ombe katika kaya mbalimbali, kutawanya mali katika aina tofauti za mifugo, na kutawanya matumizi ya mnyama mmoja. Kinyume chake, karibu kila mamlaka iliyotawala eneo hili ilitaka kukusanya: watu mahali pamoja, kundi mahali pamoja, umiliki katika jina moja. Mvutano kati ya njia hizo mbili ndio unaoeleza kwa kiasi kikubwa nani alinufaika na nani alipoteza.

2.0 Mazingira ya Wilaya Mbili

Ngara na Biharamulo ni wilaya jirani, lakini hazifanani. Ngara ni nchi ya vilima na mabonde, inayopakana na Rwanda na Burundi. Mto Ruvubu huingia kutoka Burundi na kukutana na Nyabarongo karibu na maporomoko ya Rusumo, na kuanzia hapo maji huitwa Kagera. Sehemu ya Bugufi, makazi ya Wahangaza, ilikuwa chini ya wafalme wa Burundi kabla ya mipaka ya kikoloni kuiacha upande wa Tanganyika. Bushubi, makazi ya Washubi, ilikuwa na watawala wake yenyewe. Katika vilima hivi migomba huzunguka nyumba, na nyasi za malisho hubaki juu ya miteremko.

Biharamulo iko chini zaidi na sehemu yake kubwa ni misitu ya miombo. Kabla ya kumegwa kwa wilaya ya Chato, ilifika hadi mwambao wa Ziwa Victoria. Wenyeji wake ni Wasubi na Wazinza, na baadaye walijiunga nao wahamiaji wengi, hasa Wasukuma. Miti ya miombo hutoa kivuli kwa mbung'o, na mbung'o hubeba vimelea vya nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu. Kwa hiyo, ilhali mfugaji wa Ngara alihangaika na uhaba wa nyasi na rutuba ya udongo, mwenzake wa Biharamulo alikuwa na nyasi tele asizoweza kuzifikia bila kuhatarisha kundi lake. Mikakati ya faida katika wilaya hizi haiwezi kueleweka bila kuzingatia tofauti hiyo.

3.0 Kundi Lililotawanyika: Hesabu ya Faida kabla ya Ukoloni

Mwishoni mwa mwaka 1861 Speke na mwenzake James Grant walipita Usui, himaya ya Suwarora, ambayo sehemu yake kubwa iko katika Biharamulo ya leo, wakielekea Karagwe kwa Rumanyika. Kitabu alichokichapisha Speke mwaka 1863 kinalalamika sana kuhusu hongo ya nguo, nyaya na shanga aliyotozwa njiani. Malalamiko hayo yana faida kwa mwanahistoria, kwani yanaonesha kwamba nchi hii haikuwa kisiwa cha wachungaji waliojitenga na biashara. Ilikuwa kwenye njia ya misafara, watawala wake walijua thamani ya bidhaa za pwani, na mifugo yake iliishi ndani ya uchumi uliokuwa na vipimo vingi vya mali.

Katika uchumi huo, kuuza ng'ombe kulikuwa njia moja tu ya kupata faida, na mara nyingi ilikuwa ya mwisho. Faida ya kwanza ilikuwa samadi. Ng'ombe wa Ankole, mwenye pembe ndefu, alichungwa mchana juu ya kilima na kulazwa usiku karibu na nyumba. Kwa njia hiyo alihamisha rutuba kutoka kwenye nyasi ambazo hazikulimwa na kuileta kwenye migomba. Shamba la migomba lililopata samadi liliweza kulisha kaya kwa vizazi. Lililokosa lilidhoofu taratibu. Mtu aliyemhesabia ng'ombe huyo maziwa peke yake, ambayo ni machache ukilinganisha na ya ng'ombe wa kisasa, aliacha nje ya hesabu sehemu kubwa ya mapato yake.

Faida ya pili ilitokana na kumweka ng'ombe kwa mtu mwingine. Katika ufalme wa Burundi, na hivyo katika Bugufi iliyokuwa sehemu yake, utaratibu huo ulijulikana kama ubugabire. Mwenye ng'ombe alimkabidhi mtu mwingine mnyama mmoja au zaidi. Aliyepokea alipata maziwa na samadi, na baada ya uzao kadhaa aliweza kupewa ndama wake mwenyewe. Mtoaji alibaki na haki juu ya uzao uliosalia, na zaidi ya hapo alipata utumishi, vyakula, pombe na uaminifu wa mpokeaji. Wasukuma, ambao baadaye walihamia Biharamulo kwa wingi, walikuwa na utaratibu wa namna hiyo waliouita kubilisa, ingawa haukufungamana na utawala wa kifalme kwa kiasi kile kile.

Kwa mtazamo wa hesabu, utaratibu huo ulikuwa na mantiki. Mwenye ng'ombe kumi katika boma moja angeweza kupoteza wote kwa ugonjwa mmoja, uvamizi mmoja au ukame wa kilima kimoja. Aliyeweka wawili wawili katika vilima vitano alipunguza uwezekano huo. Aidha, alipata wachungaji bila kuwalipa mshahara, malisho bila kuyamiliki, na ng'ombe wake hawakuonekana wote kwa pamoja machoni pa mtawala mwenye tamaa. Gharama yake ilikuwa kutoa maziwa, samadi na baadhi ya ndama.

Faida ya tatu ilikuwa katika ngazi ya mifugo. Mbuzi hubeba mimba kwa muda wa miezi mitano, ng'ombe kwa muda wa miezi tisa. Mtamba wa asili huweza kufikisha miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Kwa mtu asiye na mali, mbuzi walikuwa njia ya haraka ya kupanda: kuku walibadilishwa kwa mbuzi, na mbuzi kwa mtamba. Kwa mwenye mali, mbuzi walikuwa fedha ya mkononi iliyozuia kuuzwa kwa ng'ombe jike. Kanuni iliyotawala ilikuwa kumlinda jike mwenye kuzaa. Madume yaliyozidi ndiyo yaliyochinjwa, kutolewa katika mahari au kubadilishwa.

Si haki, hata hivyo, kuusifu mfumo huu bila kuona upande wake wa pili. Ubugabire ulikuwa pia chombo cha utawala. Mpokeaji wa ng'ombe alikuwa mtu wa chini ya mwingine, na kazi aliyoitoa haikupimwa. Ulinzi wa mali ya mwenye nacho ulijengwa juu ya utumishi wa asiye nacho. Ndiyo maana katika miaka ya 1950 taratibu za aina hii zilifutwa rasmi katika nchi jirani za Rwanda na Burundi. Kwa hiyo, swali la nani alipata faida kutokana na kundi lililotawanyika halina jibu moja. Mpokeaji alipata mbolea na tumaini la ndama, mtoaji alipata usalama na mamlaka.

4.0 Sotoka, Mbung'o na Mwanzo wa Kukusanya, 1890–1945

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliingia katika nchi za maziwa makuu. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki inakadiriwa kwamba zaidi ya asilimia 90 ya ng'ombe walikufa. Huu ulikuwa mtihani ambao mkakati wa kutawanya ng'ombe haukuweza kuushinda, kwa sababu ugonjwa ulifika kila kilima. Ng'ombe kumi waliogawanywa katika kaya tano walikufa katika kaya tano. Kilichowasaidia watu kilikuwa mtawanyo wa aina nyingine: waliokuwa na mbuzi, ambao kwa kawaida waliathirika kidogo kuliko ng'ombe, pamoja na migomba na nafaka, walikuwa na mahali pa kuanzia upya. Waliotegemea ng'ombe peke yao hawakuwa na ngazi ya kupandia.

Athari za sotoka hazikuishia kwenye vifo vya ng'ombe. Migomba ilikosa samadi. Malisho yaliyokuwa yakiliwa na kuchomwa moto kwa utaratibu yalimezwa na vichaka, na pamoja na vichaka walikuja wanyamapori na mbung'o. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alieleza kwamba kabla ya ukoloni jamii za Tanganyika zilikuwa zimeweza kuyatawala mazingira yao kwa kulima, kuchunga na kuchoma moto, na kwamba maafa ya miaka ya 1890 pamoja na vita vya ukoloni yaliuvunja uwezo huo. John Ford, aliyefanya kazi ya utafiti wa mbung'o katika ukanda huu, alifikia hitimisho lenye kukaribiana na hilo katika kitabu chake cha mwaka 1971: uhusiano kati ya watu, ng'ombe, pori na mbung'o ulikuwa na mizani yake, na mizani hiyo ilivurugika.

Biharamulo ni mahali pazuri pa kuiona hoja hiyo. Wajerumani walijenga boma lao hapo mwanzoni mwa karne ya 20, katikati ya nchi ambayo mbung'o alikuwa akiendelea kuiteka. Waingereza walirithi tatizo. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Tanganyika ilianzisha makazi ya malale katika sehemu za magharibi mwa nchi, zikiwemo Uzinza na Biharamulo. Watu waliokuwa wakiishi kwa kutawanyika porini walihamishwa na kuwekwa pamoja, kwa matumaini kwamba wingi wao ungefyeka vichaka na kumnyima mbung'o kivuli.

Upande wa afya ya binadamu, mpango huo ulikuwa na msingi wa kisayansi na ulirahisisha uchunguzi na tiba. Upande wa ufugaji, hesabu yake ilikuwa tofauti. Nchi iliyoachwa wazi haikubaki kama ilivyokuwa. Iliota msitu na kuwa makazi ya wanyamapori. Kila eneo lililohamwa lilikuwa malisho yaliyotoka katika daftari la mfugaji na kuingia katika daftari la serikali. Kirk Hoppe, aliyechunguza historia ya udhibiti wa malale kuzunguka Ziwa Victoria, ameonesha jinsi udhibiti wa ugonjwa ulivyogeuka kuwa udhibiti wa ardhi. Mapori ya akiba yaliyokuja baadaye hayakutangazwa juu ya nchi ambayo haikuwahi kuwa na watu. Sehemu yake ilikuwa na historia ya makazi, njia na malisho.

5.0 Kodi na Kahawa: Ng'ombe katika Uchumi wa Fedha

Kodi ya nyumba, iliyoanzishwa na Wajerumani katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1898 na kuenezwa hatua kwa hatua, iliipa kaya hitaji jipya: fedha taslimu kwa tarehe maalumu. Mwenye mifugo alikuwa na njia tatu za kuitikia. Angeweza kuuza dume, kuuza mbuzi, au kumwacha ng'ombe na kuuza nguvu ya mwili wake. Vijana wengi wa Bugufi walichagua njia ya tatu, wakaenda Buganda kufanya kazi katika mashamba ya pamba na kahawa. Uamuzi huo huelezwa mara nyingi kama dalili ya umaskini, na kwa kiasi fulani ndivyo ulivyokuwa. Lakini katika hesabu ya kundi ulikuwa pia njia ya kumlinda jike: miezi ya kazi ya kijana ililipa kodi, na ng'ombe aliyebaki nyumbani aliendelea kuzaa na kutoa samadi.

Katika miaka ya 1930 kilimo cha kahawa kilienea Bugufi. Zao hilo liliongeza thamani ya samadi kwa namna ambayo maofisa wa mifugo hawakuiandika katika safu ya mapato. Kahawa iliyopandwa kati ya migomba ilihitaji rutuba ile ile. Kaya yenye ng'ombe wawili iliweza kutunza migomba na kahawa. Kaya isiyo na ng'ombe ililazimika kuchagua, kuomba samadi, au kuingia katika makubaliano na mwenye ng'ombe. Utaratibu wa kumpokea ng'ombe wa mtu ukapata maana mpya: mpokeaji sasa hakuwa anatafuta maziwa na ulinzi wa mkubwa tu, bali alikuwa anatafuta mbolea ya zao la fedha.

Kipindi hiki kinaonesha udhaifu wa kupima ufugaji kwa idadi ya ng'ombe waliofika mnadani. Ng'ombe ambaye hakuuzwa aliweza kuwa ameingiza fedha kupitia gunia la kahawa. Fedha hiyo iliandikwa upande wa kilimo, na ng'ombe akaendelea kuhesabiwa kuwa mzigo.

6.0 Vijiji, Ranchi na Mtamba wa Mkopo, 1961–1993

Uhuru ulikuja sambamba na wimbi la kwanza la wakimbizi wa Rwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza mwaka 1959. Baadhi yao waliwekwa Muyenzi, wilayani Ngara, na wengine Karagwe. Miongoni mwao walikuwamo wafugaji, na wapo waliovuka mpaka na ng'ombe. Uhusiano wao na wenyeji ulijengwa kwa sehemu kupitia mifugo, kwa kuwa lugha, aina ya ng'ombe na desturi za kupeana ng'ombe zilikuwa karibu sana pande zote mbili.

Sera ya Ujamaa ilileta awamu nyingine ya kukusanya. Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 ilitaka watu waishi pamoja ili wapate shule, maji na zahanati. Katika maeneo ya migomba na kahawa kuhama kulimaanisha kuliacha shamba lililorutubishwa kwa samadi ya miaka mingi. Kwa mfugaji, kijiji kilichosongamana kilileta tatizo jepesi kueleza: ng'ombe wengi zaidi walitoka asubuhi kutoka mahali pamoja na kurudi jioni mahali pamoja. Nyasi za karibu ziliisha mapema, njia za mifugo zikageuka makorongo, na kupe wakapita kirahisi kutoka kundi hadi kundi. Josho la kijiji lilikuwa jibu sahihi kwa tatizo la kupe, lakini josho huhitaji dawa, maji na fedha za matengenezo kila mwaka.

Wakati huo huo serikali iliwekeza katika ufugaji mkubwa. Kampuni ya Ranchi za Taifa, NARCO, iliundwa mwaka 1968, na mkoa wa Kagera ulipata ranchi kadhaa, zikiwemo Missenyi, Mabale, Kagoma, Kikulula na Mwisa. Ranchi hizo zilikuwa nje ya wilaya zinazochunguzwa hapa, lakini ziliweka kipimo kilichotumiwa kwa mkoa mzima: faida ni uzito wa nyama kwa ekari. Katika miaka ya 2000 sehemu ya ranchi za NARCO iligawanywa katika vitalu na kukodishwa kwa wawekezaji. Kugawanywa huko kunaonesha kwamba hata kundi kubwa la serikali, lenye mtaji na wataalamu, halikuwa na uhakika wa kujiendesha.

Mpango uliopata mapokezi mazuri zaidi kwa mkulima mdogo ulikuwa wa namna nyingine. Programu ya Maendeleo ya Mifugo Kagera, iliyojulikana kama KALIDEP na kufadhiliwa na Uholanzi, ilieneza mitamba chotara ya maziwa mkoani kwa utaratibu ambao wananchi waliuita kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Mkulima alipewa mtamba, akajenga banda, akapanda mabingobingo kwa ajili ya chakula chake, kisha akalipa deni kwa ndama jike aliyekabidhiwa mkulima mwingine. Maziwa na samadi vilikuwa vyake.

Ulinganifu wa mpango huo na ubugabire haupaswi kupita bila kutajwa. Katika yote mawili ng'ombe hutolewa, maziwa na samadi hubaki kwa mpokeaji, na deni hulipwa kwa uzao. Tofauti iko katika deni lenyewe. Katika ubugabire deni halikuwa na mwisho uliojulikana, kwani lilikuwa uhusiano kati ya mkubwa na mdogo. Katika kopa ng'ombe, lipa ng'ombe, deni lilikuwa na kipimo na mpokeaji alikuwa huru baada ya kulilipa. Kwa maneno mengine, mpango huo ulichukua hekima ya kutawanya na kuacha unyonge uliofungamana nayo. Udhaifu wake ulikuwa wa kibiolojia: ng'ombe chotara hushambuliwa vikali na ndigana kali, na kaya yenye chotara mmoja, tofauti na mzee wa zamani aliyetawanya ng'ombe wake, ilikuwa imeweka matumaini yote kwa mnyama mmoja.

7.0 Mpaka, Wakimbizi na Hifadhi, 1994–2019

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa takribani saa 24. Kambi ya Benaco, iliyopewa jina la kampuni ya ujenzi wa barabara, ikageuka mji, na katika miezi iliyofuata idadi ya wakimbizi wilayani ikazidi idadi ya wenyeji. Kambi za wakimbizi wa Rwanda wilayani Ngara zilidumu hadi Desemba 1996, wakati wengi wao waliporudishwa kwao.

Kwa ufugaji, miaka hiyo ilikuwa soko na maafa kwa pamoja. Mahitaji ya nyama yalipanda, na mwenye mbuzi wa kuuza alipata mnunuzi karibu na mlango wake. Lakini wizi wa mifugo uliongezeka, miti ilikatwa kwa kuni, na malisho karibu na kambi yaliharibika. Beth Whitaker, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2002, ameonesha kwamba faida na mzigo wa kuwapokea wakimbizi havikugawanywa sawa miongoni mwa wenyeji: waliokuwa na ardhi, mtaji au nafasi nzuri walinufaika zaidi, na wanyonge mara nyingi walibaki nyuma. Kwa lugha ya kundi, aliyekuwa na mbuzi wa kuuza na ng'ombe wa kuficha mbali aliweza kufaidi soko bila kupoteza msingi. Aliyekuwa na ng'ombe mmoja karibu na kambi alikuwa katika hatari kubwa zaidi.

Baada ya mwaka 1994 wakimbizi wengi wa zamani walirudi Rwanda na mifugo yao. Hata hivyo, uhamaji wa wafugaji katika pande zote za mpaka haukukoma, na mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yaliendelea kuingizwa makundi makubwa. Wakati huo huo Wasukuma walikuwa wakihamia Biharamulo kutoka Mwanza na Shinyanga, wakiwa na ng'ombe na majembe ya kukokotwa na maksai, hivyo kuongeza matumizi mengine ya mnyama yule yule. Serikali ilijibu kwa operesheni. Mwaka 2006 maelfu ya wafugaji wenye asili ya Rwanda waliondolewa mkoani Kagera. Mwezi Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete aliwapa wahamiaji haramu siku 14 kuondoka, na mwezi Septemba mwaka huo ilianza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma.

Operesheni hizo zilikuwa na sababu za usalama na uhifadhi ambazo serikali ilizieleza bayana. Zilizua hata hivyo swali ambalo historia iliyoelezwa hapo juu inalifanya lieleweke: kundi ni la nani? Pale ambapo ng'ombe huwekwa kwa wengine, aliye nyuma ya kundi si lazima awe mwenyewe, na kundi moja huweza kuwa na ng'ombe wa mwenyeji, wa mkwe, wa jirani na wa mchungaji. Kumwondoa mchungaji ni kugusa mali ya watu ambao hawapo mbele ya askari. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010, upigaji chapa ulioifuata na baadaye hereni za kielektroniki zimelenga kumtambua mmiliki na mahali pa mnyama. Ni chombo muhimu dhidi ya wizi na magonjwa. Lakini daftari lenye nafasi ya jina moja haliwezi kuandika haki ya aliyepokea ng'ombe na kumlea kwa miaka akingoja ndama wake.

Mwaka 2019 mapori matatu ya akiba yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na nafasi ya kuhamisha ng'ombe kwenda porini wakati wa kiangazi, ambayo tayari ilikuwa ikitumiwa kinyume cha sheria, ilifungwa kwa nguvu zaidi. Mtawanyo wa ng'ombe katika ardhi ulikuwa umefikia mpaka wake.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba wafugaji wa Ngara na Biharamulo hawakukosa hesabu ya faida. Walihesabu samadi, uzao wa jike, kazi ya mchungaji asiyelipwa mshahara, usalama wa kundi lisilokaa mahali pamoja, na uwezo wa mbuzi kuziba pengo la fedha. Hesabu hiyo ilikuwa na dosari mbili zisizofichika. Iliegemea utii wa mtu kwa mtu, na haikuweza kuhimili janga lililofika kila mahali, kama sotoka ilivyothibitisha. Mipango ya kukusanya nayo ilikuwa na mafanikio yake katika afya na huduma, lakini kwa kawaida ilihamisha gharama kwa mfugaji na kumwachia nchi ndogo zaidi kuliko aliyokuwa nayo.

Kwa kuwa ardhi ya kutawanya ng'ombe imepungua, mfugaji wa leo katika wilaya hizi anaambiwa apunguze kundi. Huenda hana njia nyingine. Lakini historia inaonesha kwamba kila ng'ombe anayepunguzwa anaondoka na mbolea ya migomba ya mtu, na pengine na tumaini la ndama la mtu mwingine ambaye jina lake haliko katika daftari. Mpango wa mtamba wa mkopo unatoa fundisho la namna ya kuendelea: ulifanikiwa pale ulipoitumia njia ambayo watu waliijua, ukaweka kikomo cha deni, na kumwachia mpokeaji maziwa na samadi. Sera itakayopunguza idadi ya mifugo bila kuhesabu matumizi hayo itakuwa imerudia kosa la maofisa wa kikoloni, waliomtafuta ng'ombe mnadani wakati yeye alikuwa shambani, chini ya migomba na kahawa.